Utani wa Kwenye Ngazi

Tulipomzika Mzee Maganga kule Mkonze mwezi uliopita, watu walinitazama mimi kuliko walivyolitazama jeneza. Mimi ni Mgogo, marehemu alikuwa Mnyamwezi, na mtani hanyamazi msibani. Anatakiwa aruke kaburini adai kupewa chochote ndipo atoke, aigize mwendo wa marehemu, awalaumu wafiwa kwamba nyama ni chache. Watani wenzangu walifanya kazi yao barabara. Kijana mmoja alijilaza shimoni akatangaza kwamba nafasi hiyo ameshaiwahi, Mnyamwezi akatafute nyingine kwao Tabora, na watu wakacheka huku wanafuta machozi, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikaa mkekani pembeni ya Mama Lyimo, aliyekuwa bosi wetu zamani, nimekunja mikono. Mwishowe mjukuu mkubwa wa marehemu aliinama akaninong'oneza, "Bibi, mbona wewe hutanii? Babu alisema hajapata kuona mtani kama wewe." Nikamjibu kwamba nitamweleza siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo hii. Babu yake alifariki akiwa na miaka sabini na minane, kitandani kwake, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Kifo cha namna hiyo nakiheshimu, wala sikililii sana. Lakini kipo kingine kilichomjia miaka ishirini na sita kabla ya hapo, na hicho mimi nilikifagilia njia kwa ulimi wangu.

Nilizaliwa wapi na nani alinisomesha, hayo hayana kazi hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, karani mpya wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma mjini, na nilijiona najua kila kitu. Masjala ndicho chumba kinachotunza mafaili ya ofisi nzima. Yetu ilikuwa ghorofani, kwa sababu mchwa walishakula mafaili ya chini mara mbili na Mama Lyimo hakutaka kusikia habari ya mara ya tatu. Ngazi zilikuwa thelathini na sita: kumi na nane, halafu kona yenye ubao wa matangazo, halafu kumi na nane nyingine. Juu kulikuwa na chumba kirefu chenye harufu ya gundi na karatasi kuukuu, madirisha yasiyofungika vizuri, meza yangu, meza za makarani wengine wawili, na mwisho kabisa meza ya Mzee Maganga, mkuu wa masjala. Nyuma ya kiti chake palikuwa na mlango wa stoo ya mafaili yaliyofungwa, yale ambayo mambo yake yalikwisha na hakuna aliyeyauliza tena. Nikitaka kukikumbuka chumba kile nafumba macho tu, na ninachokiona kwanza ni koti lake la rangi ya kahawia limening'inia kwenye kiti. Ofisi zetu zote zilikuwa hivyo siku zile. Koti likiwa kitini, mtu yupo. Mgeni akiuliza, anaambiwa, "Yupo, koti lake si hilo," na mgeni anakaa kusubiri.

Siku ya kwanza nilimpa shikamoo. Akaniuliza kabila langu, nikamtajia, akaitupa kalamu mezani. "Shikamoo yako irudishe ulikoitoa. Babu zangu walitoka Tabora na pembe za ndovu mabegani, wana kiu, babu zako wakawatoza hongo ndipo wanywe maji. Leo wewe unakuja kunisalimia?" Nikamwambia, "Walikuwa wamebeba mzigo wa nani? Wangebeba wa kwao tungewaonea huruma." Makarani walicheka hadi Bi. Zuhura, mama wa chai aliyetoka Kondoa, akaja na birika mkononi kuuliza kuna nini. Tangu siku ile mimi na Mzee Maganga hatukusalimiana tena kama watu. Kila asubuhi tulianza kwa matusi ya heshima. Saa nne, Bi. Zuhura alipoleta chai yenye iliki na sukari iliyokwisha kutiwa humo humo kwenye birika, vijiko vitano, sita, anavyojua yeye, tuliendelea. Mchana nikifungua kibakuli changu cha ugali wa uwele na mlenda, mboga isiyohitaji kutafunwa, Mzee Maganga aliuliza kwa sauti kama Mgogo huzaliwa bila meno, au meno humtoka kwa kukosa kazi. Yeye alikula wali na nyama ya mbuzi ya kuchoma, akainyunyizia chumvi kabla hajaionja, kisha akasimama dirishani kuvuta sigara mbili. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mrefu, mkimya mbele ya Mama Lyimo na msemaji mbele yetu. Nilimpenda sana mzee yule. Nalisema wazi kwa sababu nilipokuwa kijana sikujua kulisema.

Mwezi wa tatu ililetwa barua ya kutaka mtumishi mmoja ahudhurie mafunzo ya huduma ya kwanza. Yalikuwa ya Jumamosi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na harusi au msiba. Nikatumwa mimi, mgeni asiyeweza kukataa. Tulifundishwa na nesi mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Mchana tulijifunza kufunga majeraha na kumkandamiza kifua mwanasesere wa mpira, lakini asubuhi nzima aliitumia kwa jambo moja, moyo. "Huku kwetu," alisema, "mtu akibanwa kifua anaambiwa ni gesi. Akitokwa jasho, ni vidonda vya tumbo. Akiumwa taya, anang'olewa jino. Anakufa na kila mtu alishampa dawa." Akatueleza kwamba maumivu ya moyo yana tabia ya kutembea: yanapanda taya, yanashuka mkono, zaidi wa kushoto, yanakwenda mgongoni, kwamba mara nyingi huja mtu akipanda mlima au ngazi na kupungua akisimama, na kwamba kwa wanawake wengine kifua hakiumi sana, bali huja kichefuchefu na uchovu usio na sababu. "Na mkiona mtu mzima anatokwa jasho wakati wenzake wamevaa masweta, msimuulize alikula nini. Mkalisheni chini, atafune aspirini kama haimdhuru, mpelekeni hospitali. Asitembee hata hatua moja." Niliandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu niliingia ofisini kama daktari bingwa. Nikafungua sanduku la huduma ya kwanza lililokuwa ukutani, jekundu, na ndani nikakuta majani ya chai, sukari, na vijiko vya Bi. Zuhura vimepangwa kwa unadhifu. Tuligombana. Nilitoa vitu vyake, nikaweka bandeji, dawa ya vidonda na aspirini. Baada ya wiki mbili majani ya chai yalikuwa yamerudi, na vidonge vyangu vimesukumwa kona pamoja na iliki. "Sanduku zima kwa ugonjwa ambao haupo?" Bi. Zuhura aliniuliza. "Chai ipo kila siku."

Lakini ugonjwa ulikuwepo, tena nikiuona. Ulianza mwezi wa tano. Mzee Maganga akifika kwenye ile kona ya ngazi alisimama mbele ya ubao wa matangazo na kusoma. Palikuwa na tangazo moja tu, la usafi wa vyoo, lililopauka kwa jua. Alilisoma asubuhi, akalisoma akitoka chakula cha mchana, akalisoma kila aliposhuka kwa Mama Lyimo na kupanda tena. Siku moja nilikuwa nyuma yake na nikaona kwamba miwani yake ya kusomea imo mfukoni. Bila miwani ile hakuweza kusoma hata jina lake. Alikuwa amesimama tu, ameegemea ukuta kwa mkono, anangojea kitu kipite. Baadaye alianza kuja na maziwa kwenye chupa ya soda, akasema ni ya vidonda vya tumbo. Mwezi wa sita akang'olewa jino la chini kushoto. Kesho yake nilimwambia sasa amekuwa tayari kwa mlenda, akacheka, lakini nikamsikia akimwambia Bi. Zuhura pale mlangoni, "Ajabu ni kwamba jino limetoka na maumivu yamebaki." Bi. Zuhura akamshauri asukutue kwa maji ya chumvi.

Nilijua. Daftari langu lilikuwa kwenye droo na kila mstari ulikuwa unamtaja yeye. Sasa, binti wa miaka ishirini na mitano anamwambiaje mzee wa rika la baba yake kwamba moyo wake una kasoro? Wengine wangepitia kwa mkewe, wengine kwa Mama Lyimo. Mimi nilikuwa na njia yangu mwenyewe, utani, leseni pekee niliyopewa ya kumwambia mzee yule lolote. Kwa hiyo asubuhi moja, watu wengi wakiwa wanapanda, nikamkuta kaegemea ubaoni, nikapaza sauti: "Mnyamwezi gani wewe unashindwa na ngazi kumi na nane? Babu zako walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wewe unabeba koti tu unatweta! Nenda ukapimwe kifua hicho, usije ukatufia hapa Wagogo tukapata kazi ya kukubeba!" Ngazi nzima ililipuka kwa kicheko. Saidi, dereva wetu, alikaa chini kabisa akajipigapiga mapaja. Mzee Maganga naye alicheka, akasema Wagogo tunamwombea kifo ili tule msibani. Nilikwenda mezani kwangu nimeridhika, nikijiambia kwamba ujumbe umefika. Maneno ya kwanza yalifika. Yale ya kupimwa hayakusikiwa na mtu hata mmoja.

Na tangu kesho yake Mzee Maganga hakusimama tena kwenye kona. Hili ndilo sikumweleza mtu kwa miaka mingi. Alipanda zote thelathini na sita kwa mkupuo, kifua mbele, mikono imejaa mafaili ambayo zamani aliwaachia makarani, na akifika juu aliniambia, "Umeona?" halafu akaingia stoo na kufunga mlango. Nilidhani anatafuta mafaili. Yule mzee alikuwa na mahali pamoja tu pa kupumzikia katika jengo zima, na mimi, niliyesomeshwa asubuhi nzima habari za moyo, nilimnyang'anya.

Julai ya Dodoma ina upepo unaopenya hadi kwenye droo. Siku ile sote tulikuwa na masweta, Bi. Zuhura amejitanda kitenge juu ya kitenge. Saa nne na nusu alikuja mgeni kutoka Kongwa akiulizia faili la shule yake. Karani mwenzangu akamwonyesha koti kitini. "Mzee yupo, subiri kidogo." Mgeni akasubiri. Nikanywa chai yangu, nikagonga mihuri, nikasikia mgeni akikohoa kwa adabu, nikatazama saa: dakika thelathini na tano. Chai ya Mzee Maganga ilikuwa mezani, haijaguswa, juu imefanya utando. Nikapaza sauti kuelekea stoo, "Wewe Mnyamwezi, umelala na mafaili? Njoo, mgeni kachoka!" Sikujibiwa. Katika miezi saba mzee yule hakuwahi kuacha utani wangu bila jibu, hata siku mama mkwe wake alipofariki. Niliinuka nikaenda kufungua mlango wa stoo.

Alikuwa amekaa juu ya robota la mafaili, mgongo ukutani, ngumi ya kulia ameikandamiza katikati ya kifua. Shati lote lilikuwa limelowa. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. "Ni vidonda vyangu," alisema taratibu. "Niletee maziwa. Usiwaambie wale." Nikapiga magoti mbele yake. Utani ulinitoka wote, nikabaki sina lugha, mpaka ikanijia ile niliyokatazwa siku ya kwanza. "Baba, shikamoo," nikamwambia. Alinitazama kwa muda. Nadhani ndipo alipoogopa. Akajibu, "Marahaba, mwanangu."

"Baba, huo ni moyo. Hutasimama. Hutakunywa maziwa. Nani alikupima vidonda vya tumbo?"

"Hakuna aliyenipima. Vinajulikana tu."

"Umewahi kutapika damu? Kupata choo cheusi? Aspirini imewahi kukudhuru?"

"Hapana. Hapana yote."

Nikaita. Bi. Zuhura alikimbilia sanduku jekundu, akamwaga majani ya chai sakafuni, akaja na kidonge kinachonukia iliki. Mzee Maganga alikitafuna huku amekunja uso, nami nikamlegeza tai na kumkunjia magoti, naye akawa anasema kwa sauti ndogo kwamba atashuka kwa miguu yake, kwamba hatabebwa mbele ya ofisi nzima kama maiti, kwamba wanisikie wengine lakini si yeye. Nilimwambia, "Baba, ukikanyaga ngazi moja leo nitalala mbele yako unipite juu." Sijui nilitoa wapi ujasiri. Tukamkalisha kwenye kiti chenye mikono, wanaume wanne wakakibeba, na mimi nikatangulia kinyumenyume nikimwangalia usoni. Hakuna aliyecheka. Chini tulimkuta Saidi ameshawasha gari lakini ameshika mlango, amesimama kwa woga. Gari la ofisi halikutoka bila fomu ya safari iliyosainiwa. "Fomu je?" aliuliza. Mama Lyimo alikuwa ametoka ofisini kwake, mwanamke ambaye aliwahi kumrudisha ofisa kutoka Bahi kwa kukosa sahihi moja. Akamtazama Mzee Maganga, akamtazama Saidi. "Fomu nitaijaza mimi. Nenda!"

Njiani alinishika mkono wa sweta na hakuuachia. Mara mbili macho yalimgeuka, nikamwita jina lake kwa ukali, akarudi. Nilisali kwa maneno niliyofundishwa utotoni na kwa mengine niliyoyatunga palepale. Hospitalini walimpokea mlangoni, wakamwekea mashine kifuani, na daktari kijana akatoka baada ya muda mrefu kuniambia kwamba moyo umeumia lakini mtu yupo. Akaniuliza nani alimpa aspirini. Nikajibu, kisha nikakaa sakafuni kwenye kibaraza na kulia kwa sauti mpaka mama mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wake akanipa pole ya msiba.

Siku ya sita niliruhusiwa kumwona. Mkewe alitoka kwenda kununua machungwa, nikabaki naye. Nilimwambia yote: daftari, miwani iliyokuwa mfukoni, jinsi nilivyojua tangu mwezi wa tano, na jinsi nilivyomtangazia ngazi nzima badala ya kumketisha pembeni na kumwambia kama mtu mzima. Nilisema mimi ndiye niliyemkimbiza ngazi zile. Alitazama neti iliyofungwa juu ya kitanda. "Nilijua kwamba si tumbo," alisema hatimaye. "Mtu anajua. Ila nilifikiri nikisema naumwa watanistaafisha, nikae nyumbani nihesabiwe vidonge. Kwa hiyo nikajificha nyuma ya tangazo la choo. Wewe hukunificha, mwanangu. Nilijificha mwenyewe." Akavuta pumzi. "Lakini ngazi zile usinitanie tena." Nikaapa. Nikaapa kwa namna mtu anavyoapa akiwa kijana, kwamba sitamtania kwenye ngazi wala mahali pengine popote, hai au mfu, na nimekitunza kiapo hicho hata pale ilipokuwa ni kukosa adabu, kama mwezi uliopita.

Alikaa nyumbani miezi mitatu. Katika muda huo nilifanya jambo ambalo ningelifanya mapema kama ningekuwa na akili: niliandika dokezo. Masjala hutufundisha kwamba lisilokuwa kwenye faili halipo, na maneno yangu ya ngazini hayakuwa kwenye faili. Nikaandika kwamba ofisi haina aspirini isiyo na jirani wa majani ya chai. Kwamba watumishi wazee wanapanda ngazi thelathini na sita mara kumi kwa siku. Kwamba sukari iwekwe pembeni kila mtu ajitilie. Kwamba nesi aje kila mwezi kupima presha. Kwamba gari litoke kwanza, fomu baadaye. Na kwamba pale kwenye kona kiwekwe kiti, na yeyote akikikalia asitaniwe. Nilimpelekea Mama Lyimo mwenyewe. Lilirudi siku hiyohiyo na maandishi yake: "Imekubaliwa. Asiyetaka aje anieleze mimi." Bi. Zuhura alinuna kwa ajili ya sukari wiki nzima, halafu nesi alipompima na kumkuta presha iko juu, akanuna kwa jambo lingine. Ofisi ile ilikuwa na watumishi arobaini, na tulikuwa tumekaa pamoja miaka yote bila kujua ndani ya mwenzako kuna nini.

Mzee Maganga alirudi mwezi wa kumi, amekonda, ameacha sigara, meza yake imehamishiwa chini kwenye mapokezi ya barua, mkabala na ofisi ya Mama Lyimo. Asubuhi ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia, na tukatazamana kama watu waliofiwa na rafiki mmoja. Utani wetu ulikuwa umekufa kweli. Mahali pake tulianza kuzungumza, kwa kusitasita mwanzoni, habari za watoto wake, dawa zake, matembezi yake ya jioni. Yeye aliendelea kuwasimulia wengine utani wangu wa zamani, kila mwaka akiuongezea chumvi, chumvi pekee aliyoruhusiwa.

Kisha, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, watu wamejaa mapokezi, akaweka kalamu chini na kuinua mkono kama mwanafunzi. "Jamani," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwetu juu, "kifua kinanibana." Sijawahi kuona ofisi ya serikali ikienda mbio vile. Kiti kilifika, kidonge kilifika, Saidi alikuwa ameshatoka na gari getini kabla mimi sijamaliza ngazi, ikabidi arudi kumchukua mgonjwa. Saa nane mchana walirejea. Mashine ilikuwa imetulia, vipimo vilikuwa safi, na daktari alipomhoji akagundua kwamba jana usiku alikula makande sahani mbili. Ilikuwa gesi. Gesi kabisa, ile tuliyokuwa tukiisingizia miaka yote. Mzee Maganga aliingia mlangoni ameinamisha kichwa, na mimi moyo uliniuma kwa ajili yake, kwa sababu nilijua ofisi ile, nilijua ndimi zake, na wa kwangu ndio uliokuwa mkali kupita zote. Kicheko kimoja siku ile kingemrudisha nyuma ya tangazo. Bi. Zuhura alikuwa wa kwanza kusema. "Afadhali gesi," alisema, akamwekea chai isiyo na sukari. Saidi akasema, "Mzee, ukisikia tena, sema tena." Mtu mmoja hakucheka, wa pili hakucheka, na baada ya hapo kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Mama Lyimo alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote huo, mikono kifuani, anatazama.

Asubuhi iliyofuata aliniita. Nilishuka nikifikiri nimekosea folio, namba ya karatasi kwenye faili. Aliniambia nifunge mlango. Mezani kulikuwa na ripoti ya mwaka nusu imeandikwa, na chai yake imepoa.

"Eunice. Yale ya Mzee Maganga. Mwanamke naye hupata?"

"Hupata, Mama."

"Kifuani?"

"Si lazima kifuani."

Alizungusha kalamu vidoleni. "Mimi tangu juzi ni mgongo, hapa katikati ya mabega. Na usiku wa leo kichefuchefu. Nilisema ni uchovu." Sasa nilimtazama vizuri, nikaona utosi wa nywele zake zilizotengenezwa na chini yake paji la uso linalong'aa kwa unyevu, wakati feni haijawashwa na asubuhi ile mvua ilikuwa imepoza mji mzima. "Sitaki watu wajue," alisema. "Nimalizie ripoti hii kwanza, halafu mchana nitakwenda taratibu."

Niliufungua mlango aliotaka ufungwe, nikamwita Saidi kwa sauti iliyosikika hadi masjala.

"Eunice, unaniaibisha," alisema Mama Lyimo.

"Ndiyo, Mama. Usisimame."

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Maganga, anatembea polepole kama daktari alivyomwagiza. Alimtazama bosi wake usoni mara moja tu, akavuta kiti, akakaa karibu naye na kumshika mkono.

"Hii naijua," alisema.